Meno Juu ya Nyumba ya Mama

Mvua ya Nairobi huanzia dirishani kwangu. Ofisi yetu iko Upper Hill, juu sana, katika mojawapo ya yale majengo ya vioo ambayo ukiyatazama kutoka barabarani unadhani ndani yake mnafanyika mambo makubwa. Mimi humo ndani nahariri ripoti za watu wengine. Dirisha langu linatazama magharibi: kwanza hospitali kuu, kisha miti ya Kilimani inayozidi kupungua, kisha mapaa ya Kawangware, na nyuma ya yote milima ya Ngong. Wingu likishaimeza milima hiyo, mtaa wa Kabiria utanyeshewa kabla chai yangu haijapoa.

Kwa muda mrefu habari hiyo haikunihusu. Lakini msimu ule wa masika nilikuwa na nyumba Kabiria isiyo na paa, na ripoti za watu zikaanza kutoka mikononi mwangu na makosa yaleyale ziliyoingia nayo.

Nyumba yenyewe ilikuwa ya mama. Kuta za mawe zilikuwa zimekamilika, na juu yake kenchi za kubeba paa zilikuwa zimesimama, mbavu tupu zikingoja mabati. Kila mbao katika kenchi hizo ilitoka kwenye miti ya saipresi ambayo marehemu baba aliipanda shambani nilipoanza darasa la kwanza. Alisema ndiyo itakayonipeleka chuo kikuu. Nilipofika huko, ng'ombe na mkopo wa serikali walikuwa wameshaifanya kazi hiyo, na miti ikabaki imesimama pale shambani bila shughuli, kama wahitimu wengi ninaowafahamu.

Baba alipofariki, watu walikuja kuiulizia. Mama alikataa kuiuza. Wakati huo alikuwa ameshahamia kwetu Mountain View, ghorofa ya pili, ambako alipanda sukuma wiki kwenye ndoo za rangi hadi roshani yetu ikakosa pa kusimama. Kiploti cha Kabiria baba alikinunua zamani, na mama alitaka ajengewe hapo nyumba ambayo akifungua mlango anakanyaga udongo. Tena alitaka ile miti ikatwe, ipasuliwe, iachwe ikauke, kisha iwe paa lake.

"Nikilala nataka kujua niko chini ya nini," alisema.

Aliniomba jambo moja tu: isibadilishwe hata mbao moja. Mbao nyingine ningeweza kuzipata Dagoretti Corner asubuhi yoyote. Hizi hazikuwa na ndugu.

Kama mabati yangekuja siku ambayo kenchi zilisimama, nisingekuwa na kisa cha kusimulia. Lakini mama hakutaka rangi ya maruni, kwa sababu, alivyosema, Kabiria nzima ni maruni, na mtu akirudi kutoka kanisani atajuaje kwake. Alitaka kijani, na si kijani chochote, bali kile cha paa la kanisa alilofungia ndoa. Nilimpeleka mjini, kwenye duka la mabati karibu na River Road. Mwenye duka, mzee wa Kihindi mwenye miwani miwili, mmoja machoni na mwingine kwenye paji la uso, alimsikiliza kwa heshima.

"Hiyo kijani, mama, tunangoja ije," alisema. "Maruni chukua leo."

"Tunangoja," mama akajibu, na wote wawili wakanitazama mimi kana kwamba ndiye niliyekuwa na haraka.

Nilikuwa nayo. Nilikuwa nimesoma. Hili ndilo tatizo langu la tangu zamani. Mtu mwingine akianza kujenga hutafuta fundi. Mimi nilitafuta makala. Nilisoma mtandaoni jinsi wenzetu wa nchi za baridi wanavyozilinda mbao za nyumba zinapokuwa zinajengwa: wanaziinua zisiguse ardhi, wanazifunika juu na kuziachia hewa pembeni, wanazipima unyevu kwa kamashine kenye miiba. Kwao nyumba nzima ni mbao. Kwetu nyumba ni mawe na mbao ni kofia tu, lakini nilisoma kama mtu anayejenga meli. Nilijifunza kwamba mbao ikilowa na kuanikwa juani, ikalowa tena na kuanikwa tena, hujipinda, misumari hulegea, na paa hukaa na kinyongo maisha yake yote. Baada ya hapo sikulala vizuri.

Fundi wangu alinisikiliza nikimweleza haya yote, akapiga msumari mmoja, kisha akasema, "Sawa bosi. Tafuta kitu ya kufunika."

Kitu hicho nilikipata Kawangware, kwa mtu anayeuza mabango ya zamani ya matangazo, yale makubwa ya barabarani. Yakishushwa kutoka kwenye vyuma vyake huuzwa kama turubai, kwa sababu ni plastiki nzito isiyopitisha tone. Wenye malori huyanunua, wenye nyasi za ng'ombe, wenye hoteli za kando ya barabara. Hupati kuchagua picha. Mimi nilipewa tangazo la dawa ya meno. Lilipokunjuliwa juu ya kenchi za mama na kufungwa kwa kamba, macho ya yule msichana wa tangazo yaliangukia upande wa nyuma yasionekane, na upande wa mbele ukabaki mdomo. Mdomo tu, mpana kama chumba cha kulala, na meno meupe yaliyotazama Kabiria yote.

Mama alisimama chini akayatazama kwa muda.

"Nyumba yangu inacheka nini?" akauliza.

Hakuwa peke yake kuuliza. Upande wa chini wa ploti yetu alikaa mzee mmoja mstaafu, mrefu, aliyevaa kofia ya sufi hata jua likiwa utosini. Mimi na yeye tulikuwa hatuaminiani kwa sababu ya jiwe la mpaka. Kila nilipokwenda Kabiria nilimkuta amesimama kando ya lile jiwe, mikono nyuma, akilitazama. Mtu hawezi kulitazama jiwe hivyo bila nia. Nilianza kulipiga picha kwa simu kila Jumamosi, nikiweka kiatu changu kando kama kipimo, ili siku likisogea niwe na ushahidi. Nina picha nyingi za kiatu changu.

Wiki ile meno yalipopanda, mzee alinijia pale penye jiwe.

"Kijana, hiyo mdomo inaangalia kwangu."

"Ni turubai tu, mzee. Ni ya kuzuia mvua."

"Nikikunywa chai inanichekea. Nikilisha kuku inanichekea. Mke wangu ameniuliza kama sisi wawili tumekosana."

"Ni mpaka mabati ifike."

"Siku moja utakuja ukute haiko," akasema, akarudi kwake polepole, na sikuhitaji makala ya kunieleza maana ya maneno hayo.

Kwa hiyo mvua ya masika ilipoanza, nilikuwa tayari na mshukiwa. Mtu anayejenga Nairobi haishii kwa mmoja, bila shaka. Nilimshuku pia bawabu niliyemweka getini, kwa sababu alinikubalia kila kitu. Nilimshuku na fundi. Mtu mmoja ofisini aliniambia kwamba mafundi hupenda mbao za mteja ziharibike ili wakuelekeze kwa rafiki yao mwenye mbao. Yeye mwenyewe hajawahi kujenga hata banda, lakini nilimwamini papo hapo.

Jumatatu moja, wingu likaimeza milima. Nikampigia fundi.

"Mvua huko?"

"Hapa? Hapa ni jua tu, bosi."

"Mimi naona wingu."

"Hiyo wingu ni ya Karen."

Jumanne nikampigia tena. Jua tu. Jumatano, huku nikitazama kwa macho yangu pazia jeupe likishuka juu ya Riruta, nikamwambia anitumie picha ya nyumba. Ilichukua muda, kisha ikaja: kenchi zimefunikwa vizuri, meno yanang'aa, mbingu ya buluu nyuma yake.

Mtu asiyesoma angefurahi. Mimi chuo kikuu nilisoma historia, na kitu pekee kilichonibakia ni kwamba hati yoyote ile ni lazima uiulize imeandikwa lini na mwandishi wake alitaka nini. Niliivuta picha ile kwenye kioo cha kompyuta, juu ya ripoti niliyotakiwa kuimalizia. Chini, kwenye kona, palikuwa na rundo la mchanga. Mchanga ule ulikuwa umeshaisha. Niliuona ukiisha mwenyewe, Jumamosi, nilipokuwa napiga picha ya kiatu.

Nilimwambia mkubwa wangu naenda kushughulikia meno. Huo ndio ukweli ulio karibu zaidi na uongo niliowahi kumwambia.

Njia nzima, kuanzia Ngong Road hadi nilipokata kuingia Naivasha Road, nilikuwa natunga hotuba. Ilikuwa na utangulizi. Ilimtaja mzee bila matusi lakini bila kumwachia pa kuponyokea, na ilimalizikia kwa chifu. Wipa za gari zilikuwa zinafanya kazi kwa nguvu zote, na kila zilipopita nilikuwa naikumbuka sauti ya fundi: jua tu.

Nilipofika, kenchi zilikuwa uchi. Mbao za baba, ambazo zilipokauka shambani zilikuwa na rangi ya mkate, zilikuwa zimegeuka rangi ya chai ya rangi, na maji yalikuwa yakitiririka kwenye kila kona iliyounganishwa. Kamba zilikuwa zimekunjwa vizuri na kuwekwa juu ya tofali. Mwizi gani anakunja kamba? Swali hilo lilinipita bila kunigusa.

Bawabu alitoka kwenye kibanda chake na mwavuli.

"Mkubwa, karibu. Hatukujua unakuja."

"Hilo naliona. Turubai iko wapi?"

Akatazama juu, kana kwamba naye ndiyo kwanza agundue.

"Ile ya meno?"

"Tuna nyingine?"

"Hapana, ni hiyo tu." Akahamisha mwavuli mkono mwingine. "Hiyo haijapotea."

"Iko wapi basi?"

"Haijapotea, mkubwa. Iko na watu."

"Watu gani?"

"Ni vizuri fundi akuambie. Mimi ni wa geti."

Hapo ndipo niliposikia wimbo wa kanisa, sauti za wanawake, ukitokea upande wa chini. Nikanyoosha shingo juu ya ukuta. Katikati ya ua wa mzee, limefungwa kwenye mparachichi, kwenye nguzo ya kamba ya nguo na kwenye dirisha la jikoni, lilikuwa limetandazwa tangazo langu. Meno yote yalikuwa yamelala chali, yanakunywa mvua.

Nilitoka nje ya geti letu nikaingia kwa mzee bila kubisha. Naikumbuka hatua ile kwa sababu sijawahi kutembea hivyo tena. Nilikuwa kama mtu katika filamu. Getini nikakutana na mama mmoja aliyejifunga leso, ameshika birika kubwa la chai.

"Karibu," akasema. "Pole sana."

Nilidhani ananipa pole ya turubai. Nikaona hata mashahidi ninao.

"Niitie mzee," nikamwambia.

"Mzee yupi?"

"Mwenye boma."

Akaliweka birika chini. Alinitazama viatuni, akapanda hadi usoni.

"Mzee tulimpeleka mochari Jumapili," akasema. "Wewe ni wa wapi?"

Hotuba yangu, pamoja na utangulizi wake na chifu wake, bado ilikuwa imejaa mdomoni. Nikaimeza. "Mimi ni jirani," nikasema. Ilikuwa mara ya kwanza kulitumia neno hilo Kabiria.

"Jirani wa wapi?"

"Hapa juu. Nyumba isiyo na paa."

Uso wake ukafunguka. Akageuka, akapaza sauti kuelekea uani, sauti ya mtu anayeleta habari njema: "Mwenye tenti amefika."

Watu walinipisha. Nilisalimiwa kwa mikono yote miwili na wazee nisiowajua, nikapewa kiti cha plastiki mstari wa mbele, nikapewa kikombe. Kila jioni tangu Jumapili, majirani na watu wa kanisa lake walikuwa wanakusanyika pale kupanga mazishi, kama inavyofanyika kila palipo na msiba katika jiji hili. Na kwa kuwa nyumba ya mzee ni ndogo na mvua haikuwa na heshima, walihitaji kitu cha kukaa chini yake. Nilitazama juu. Mwanga ulipita kwenye plastiki, na meno yale, kutoka chini, yalikuwa kivuli tu, kama meno yanayoonekana ukichekewa gizani. Hapakuwa na tone lililopita. Lilikuwa turubai zuri kweli.

Fundi wangu alikuwa kando ya nguzo, akiikaza kamba. Aliponiona alisimama, akaketi, akasimama tena. Nikamfuata.

"Jua tu," nikamwambia kwa sauti ya chini.

"Bosi, ningekuambia aje?"

"Kwa Kiswahili."

"Ungesema hapana."

Nilitaka kupinga, lakini watu walikuwa wanaimba ubeti wa pili na mimi nilijua ningesema hapana.

"Zile ni mbao za marehemu baba yangu," nikamwambia. "Unajua. Nilikueleza."

"Najua. Na wewe unajua maji ya kujengea ile nyumba ilikuwa inatoka wapi?"

"Bowza. Lile lori la maji ninalolipia kila wiki."

Akatazama pembeni. "Bowza ilikuja mara ya kwanza. Baada ya hapo mzee alisema hawezi kuona watu wakikoroga simiti na maji ya kununua na yeye ako na bomba. Paipu ilikuwa inapita hapo kwa ile jiwe yenu. Asubuhi anafungua, jioni anafunga, anasimama hapo kuangalia kama inavuja. Ile nyumba yote, bosi, kutoka msingi, ni maji yake. Sasa mke wake ananiuliza kama kuna kitu ya kufunika watu. Nimwambie nini? Nimwambie mbao ni muhimu?"

Mikono nyuma, akilitazama jiwe. Nilikuwa na picha zake.

Lile la bowza, na kwa nini nilikuwa naendelea kulipishwa pesa zake kila wiki, sikuuliza. Msibani hapaulizwi maswali ya bowza. Lakini sikulisahau, na sijalisahau hadi leo.

Wakaniomba niseme neno. Mwenyekiti wa kikao alisema jirani mwema ametoa tenti yake na sasa amekuja mwenyewe, akae nasi, na atuambie alivyomjua mzee. Nilisimama. Nimefanya kazi ya maneno maisha yangu yote na sijawahi kuyahitaji zaidi. Mvua ilikuwa inapiga juu ya plastiki, na nyuma ya sauti hiyo nilikuwa naisikia, au nilidhani naisikia, ikipiga kwenye mbao za baba upande wa pili wa ukuta. Nikasema mzee alikuwa mtu aliyeujali mpaka wake. Watu wakaitikia, ndiyo. Nikasema alinishauri kuhusu turubai. Hilo pia lilikuwa kweli. Nikaketi.

Mjane wake alikaa kiti cha pili kutoka kwangu. Wimbo uliofuata ulipoanza, aliniinamia.

"Asante kwa hii tenti. Mimi nilikuwa naogopa kuomba. Mzee wangu alisema wewe ni mtu wa shida."

"Alisema hivyo?"

"Alisema kila Jumamosi unakuja na kusukuma jiwe na mguu, halafu unapiga picha uone kama imesonga."

Nikamwambia pole, akaniambia asante, na tukabaki tumekaa pakavu, bega kwa bega.

Mazishi yalikuwa yanangoja mtoto wao atoke ng'ambo. Tarehe haikuwa imejulikana. Kwa hiyo jioni ile nilipanda ngazi za Mountain View nikijua kwamba turubai halitarudi karibuni, kwamba mvua ingeendelea, na kwamba mimi ndiye niliyepewa ulinzi. Mama alikuwa roshani kwenye ndoo zake. Alikuwa tayari ananitilia shaka. Mimi tabia hii sikuipata kwa baba.

"Umetoka kazini mapema," akasema.

Nikamweleza. Sikuficha kitu, isipokuwa hotuba. Akaendelea kuchuma majani, akichagua yaliyotobolewa na wadudu na kuyaweka kando.

"Huyo fundi wako," akasema, "tangu mwanzo nilisema ni mtu wa maneno."

"Ulisema."

"Watu walikuwa wengi?"

"Wengi."

"Wamama wazee walikuweko?"

"Walikuweko."

"Walikaa pakavu?"

"Walikaa pakavu."

Akalichuma jani moja, akaligeuza. "Na mbao?"

"Zinalowa, mama. Zimeshalowa. Zikilowa hivi na jua lipige..."

"Najua mbao ikilowa inakuwaje. Mimi ndiye nililala na huyo mtu aliyezipanda." Akanipa majani nishike. "Huwezi kwenda kuvua watu tenti kwa matanga."

"Siwezi."

"Na nyingine ukinunua, watauliza kwa nini wao wana kuukuu na mbao zako zina mpya."

Hilo sikuwa nimelifikiria. Yeye alikuwa ameshalifikiria na kulimaliza.

"Kesho enda mjini," akasema. "Leta hiyo maruni."

"Lakini mama, kanisa..."

"Kanisa liko na paa lake."

Akaingia ndani kupika, nami nikabaki nimeshika majani. Usiku wa siku nyingi alikuwa amelala akikifikiria kile kijani. Nilijua, kwa sababu alikuwa anakitaja asubuhi kama mtu aliyekiota.

Mwenye duka la mabati aliposikia nimekuja kuchukua maruni, alishusha miwani ya juu, akapandisha ya chini.

"Mama amekubali?"

"Amekubali."

"Nani amekufa?" akauliza.

Nikamtazama. Akainua mabega.

"Watu hawabadilishi rangi bure," akasema, na akaita watu wake wapakie.

Mabati yalipanda siku iliyofuata, katika kipindi cha jua kati ya mvua mbili. Mama alikuja mwenyewe, akaketi kwenye kiti cha plastiki ambacho mjane alimtumia kutoka upande wa pili. Mbao zilikuwa zimepata madoa, lakini karibu zote zilikuwa bado zimenyooka. Moja tu, papi ya upande wa chini, ile mbao nyembamba inayopigiliwa juu ya kenchi ili kushika bati, ilikuwa imejipinda kama mtu anayechungulia. Fundi alisema ana nyingine nzuri, iliyonyooka, kwa rafiki yake.

Nikamtazama mama. Mama akamtazama fundi.

"Rafiki yako yupi?" akauliza.

Fundi akakohoa. Mama akasema ile iliyojipinda iwekwe hivyohivyo. Ikawekwa. Ndiyo maana hadi leo ukisimama upande wa mjane ukatazama juu, paa letu lina wimbi dogo, na kila fundi anayepita huniambia mtu aliyeniezekea hakujua kazi.

Turubai lilirudi baada ya mazishi, limefuliwa, limekunjwa kwa uangalifu mkubwa. Nililikunjua kulikagua, kama mtu wa aina yangu anavyofanya. Jino moja halikuwepo. Lilikuwa limekatwa kwa kisu, mraba safi, jino zima pamoja na ufizi wake. Nilimuuliza fundi, akashangaa sana. Nilimuuliza bawabu, akakubali kwamba kweli halipo. Miezi ikapita, mama akahamia Kabiria, na Jumamosi moja nikachungulia juu ya ukuta nikaliona: liko juu ya banda la kuku la mjane, linang'aa, kuku wamekaa chini yake wakiwa wakavu kabisa.

"Mama, umeona jino?" nikamuuliza.

"Jino gani?" akasema, huku akinipa yai la kuchemsha ambalo nina hakika lilitoka hukohuko.

Yeye na mjane sasa hushinda pamoja, mmoja upande huu wa jiwe na mwingine upande ule. Jiwe halijasogea. Picha ninazo.

Mimi bado nakaa dirishani Upper Hill. Juzi wingu liliimeza milima, nami nikawazia ile papi, na msumari wake, na mahali bati linapoinuka kidogo. Nikampigia mama. Anajua kwamba akiniambia ukweli nitakwenda, nitapanda ngazi, nitaingia darini na tochi na kushuka na utando wa buibui kichwani, nikimwambia mambo niliyoyasoma.

"Mvua huko?" nikamuuliza.

"Hapa?" akasema. "Hapa ni jua tu."

Nyuma ya sauti yake nilimsikia mjane akicheka, na nyuma ya kicheko hicho, juu ya bati la maruni, mvua ikinyesha kwa nguvu.